Kipini Kitovuni

Siku ile Mwalimu hakutulia. Alipuliza filimbi, akazunguka bwawa, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akanyanyuka kabla kiti hakijapata joto lake. Wanafunzi wake, watu wazima wenye kazi zao waliochelewa kujifunza kuogelea, walikuwa wameshika ukingo wakipiga mateke kama alivyowaagiza. Maji yaliruka mpaka kwenye nyayo zake. Yaliishia hapo hapo kwenye nyayo, maana zaidi ya hapo hakuruhusiwa.

Kwa mwanamke aliyezoea kujitosa bwawani kila asubuhi kabla hajasalimiana na mtu, hayo yalikuwa mateso. Akikasirika, aliogelea. Akiwa na huzuni, aliogelea. Alipoachwa na mume aliogelea mpaka mabega yakaota misuli. Sasa amekuwa mtu wa nchi kavu, amevaa gauni pana kama pazia, na kila akijisahau mkono unakwenda tumboni.

Chanzo cha yote kilikuwa kipini kidogo chenye kito cha buluu, alichowekewa juu ya kitovu wakati mpenzi wake yuko safarini kikazi. Msichana aliyemtoboa alivaa glavu nyeusi na alikuwa na sauti ya upole, lakini masharti yake hayakuwa na upole wowote. Osha mikono kabla ya kugusa. Safisha kwa maji ya chumvi ya duka la dawa, kausha kwa karatasi laini, kisha achana nacho. Usikizungushe. Usipake spiriti wala mafuta. Usilalie tumbo, usivae suruali ya kubana. Na usiingie bwawani.

"Hata bwawa safi?" Mwalimu alikuwa ameuliza.

"Hata bwawa la malaika. Kitovu kina kiburi, dada. Masikio yanapona upesi, kitovu kinataka kubembelezwa miezi."

Kwa hiyo akamwendea meneja wake, akamwambia kwa haya kwamba ameshauriwa asiingie majini kwa muda. Hakueleza zaidi. Bahati mbaya aliyasema hayo mbele ya meza ya mapokezi, na mhudumu wa pale aliitwa Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima. Redio alisikia "nimeshauriwa", akaona gauni pana, akaona mkono tumboni, akapiga hesabu zake mwenyewe.

Wanafunzi walikuwa wanatoka majini Fundi alipoingia getini. Alikuwa na ovaroli yake ya kazi na begi la vifaa begani. Kazi yake ni kufunga na kutengeneza lifti, na alikuwa amerudi juzi tu kutoka mji mwingine. Alikuwa kijana mrefu, mpole wa macho, aliyewahi kuwa mwanafunzi mwoga kuliko wote katika bwawa lile. Mwaka mzima sasa walikuwa pamoja. Bado alimwita Mwalimu, ila kwa namna ambayo mwanafunzi hamwiti mwalimu wake.

"Kaa chini kwanza," alimwambia.

"Mimi nimekaa tangu asubuhi. Wewe ndiye unayehema."

"Nimeshajua, Mwalimu."

"Umejua nini?"

Fundi alitazama mkono wa Mwalimu, nao, kama kawaida yake siku hizi, ulikuwa pale pale tumboni. Mwalimu akahisi uso unamwaka. Redio, akawaza. Sijui amechungulia wapi.

"Nilitaka nikuambie mwenyewe," alisema. "Nilikuwa nangoja pakae sawa kwanza. Ni mapema mno kumwonyesha mtu."

"Kunauma?"

"Kuna wakati kunachoma. Hasa nikijisahau nikalala vibaya."

Macho ya Fundi yalijaa machozi. Mwalimu alishangaa. Alitarajia acheke, au anune, au aseme mtu wa umri wake ametafuta nini huko. Machozi hakuyatarajia.

"Jana nilimwambia mama," Fundi alisema.

"Umemwambia mama yako? Habari za tumbo langu?"

"Amelia. Amesema kama kuna mjukuu, yeye hana neno tena. Tuoane hata kesho."

Hapo ndipo alipoelewa. Alimtazama Fundi, na Fundi alikuwa anatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo njiani bila kuomba. Mama huyo huyo, mara ya kwanza na ya mwisho walipoonana, alimweleza Mwalimu waziwazi kwamba hamchukii. Ila yeye ana mtoto mmoja tu duniani, na Mwalimu amemzidi mtoto huyo miaka saba, ameshaolewa akaachika, na hakuzaa. "Nataka kuona wajukuu, bibie. Si dhambi kutaka," alikuwa amesema.

"Fundi, subiri kidogo..."

Simu ya Fundi iliita. Alisikiliza, uso ukabadilika, begi likarudi begani. "Kuna mtu amekwama kwenye lifti, na ana pumu. Mama anakuja kwako leo alasiri. Yeye mwenyewe ametaka. Nitakuja nikitoka kazini." Akambusu kwenye paji la uso, akatoka mbio.

Mwalimu alikuwa na nafasi. "Si mimba" ni maneno mawili, yangetosha hata mtu akiwa mlangoni. Hakuyasema. Na alikuwa na simu mkononi mchana kutwa. Aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika mwingine, akaufuta. Kila akitaka kuutuma, aliwaona wamekaa meza moja, yeye na Fundi na yule mama, na hakuna anayemwita bibie.

*

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti, jambo ambalo Fundi hakuacha kulitania. Aliporudi alipanga vitabu vilivyokwisha kupangwa. Akafagia, akahamisha kiti, akakirudisha. Mwisho akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akasimama mbele ya kioo, akainua gauni.

Pembeni mwa kipini palikuwa pamewiva, pekundu kuliko jana. Hakuhitaji kuuliza kwa nini. Toka asubuhi vidole havikukaa mbali. Aliloweka kitambaa cha karatasi kwa maji ya chumvi, akakibandika pale, akasubiri ganda lilainike lenyewe. Lilipolainika alilifuta taratibu bila kulibandua kwa nguvu, akakausha kwa karatasi nyingine. Ilikuwa kazi ya uvumilivu, na leo uvumilivu ulikuwa umemhama. Mlango ulipogongwa, alishusha gauni kama mtu aliyefumaniwa.

Mama yake Fundi alikuwa amesimama kizingitini, anatweta kwa ngazi, amevaa viatu vyake vya kutokea na mkononi ana mfuko wa kitambaa.

"Shikamoo, mama. Karibu ndani."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu. Safari hii Mwalimu hakuitwa bibie. Akamvutia kiti, akamletea maji, akataka kwenda kuweka chai jikoni.

"Wewe kaa," yule mama alisema. "Usihangaike. Nimekuja kukuona, sikuja kupikiwa. Unapata usingizi?"

"Kidogo, mama. Najigeuzageuza."

"Ndivyo ilivyo. Mimi na huyu wangu sikulala. Alikuwa mtundu toka tumboni." Alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha Fundi kabisa. "Nilikuja na maneno mengi, yote yamenipotea kwenye ngazi. Nilikusema vibaya, mwanangu. Si kwa watu, ni kwako, usoni pako. Nisamehe."

"Mama, hayo yamepita."

"Hayajapita mpaka niyaseme." Alifungua mfuko, akatoa blanketi dogo la sufi, rangi ya manjano iliyofifia, limekunjwa kwa uangalifu wa miaka. "Hili ni lake. Nililifuma mwenyewe kabla hajazaliwa. Nikaapa silitoi kwa mtu mpaka siku yake."

Aliliweka kwenye mapaja ya Mwalimu. Lilikuwa jepesi. Lilikuwa na harufu ya kabati lililofungwa muda mrefu. Mwalimu alilishika kwa ncha za vidole. Akafikiria, kwa kitambo kifupi cha aibu, kwamba mimba huharibika kila siku. Angeweza kunyamaza, wakaoana, kisha akasema imetoka. Nani angejua?

Yule mama akanyoosha mkono kumgusa tumbo. Mwalimu alirudi nyuma ghafla, kiti kikakwaruza sakafu.

"Nimekuumiza?"

"Mama," alisema, na sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka, "sina mimba."

Chini barabarani mtu alikuwa akipiga honi na kupiga tena.

"Imetoka?"

"Haijawahi kuingia."

"Mwanangu amenidanganya?"

"Hapana. Ameambiwa na watu kazini kwangu, akaamini. Mimi nilijua leo asubuhi kwamba anaamini hivyo. Nilitakiwa kumwambia pale pale. Sikumwambia."

"Na hilo tumbo unalolishika?"

Mwalimu alisimama, akainua gauni kwa upande, kwa staha, kadiri tu ya kuonekana. Yule mama alitafuta miwani yake kwenye pochi, akaivaa, akainama. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hicho ndicho kilichoniliza jana."

"Ndiyo, mama."

"Mtu mzima kama wewe."

"Ndiyo, mama. Mtu mzima kama mimi."

"Umetafuta nini?"

Mwalimu alishusha gauni akaketi. Hakuwa amewahi kumweleza mtu, hata yule msichana wa glavu nyeusi, ambaye hakuuliza. "Nilipoolewa nilikaa na wakwe," alisema. "Nikiingia sebuleni wananitazama hapa kabla hawajanitazama usoni. Mama mkwe, wifi, mpaka majirani. Nikinenepa kidogo wananong'ona. Nikipungua wananuna. Miaka ilivyokwenda na mimi nikaanza kulitazama tumbo langu kama wao, kama mzigo wa watu niliopewa nichunge nikaupoteza. Nilipoondoka kule niliendelea kulitazama hivyo hivyo. Sasa mwezi uliopita nikasema, hapa nitaweka kitu changu. Kizuri tu, basi. Nikikiona nisimkumbuke mtu yeyote."

Yule mama alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo. "Madaktari walisemaje?"

"Mmoja alisema huenda ni mimi. Mwingine alisema apimwe mume wangu. Hakwenda."

"Hawaendi," yule mama alisema polepole. Kwa dakika moja walikuwa wanawake wawili tu katika chumba kimoja. Kisha alinyoosha mkono akalichukua blanketi lake, akaanza kulikunja. "Nakuonea huruma, sikufichi. Umesema kweli wakati ungeweza kuninyamazia, na hilo nimeliona. Lakini mimi nilikubali mjukuu. Huruma si kukubali."

Fundi aliwakuta hivyo. Aliingia baada ya kugonga mara moja, na mfuko wa machungwa, ana grisi kwenye mkono wa ovaroli, akianza kueleza kwamba yule mtu wa lifti ametoka salama. Aliona blanketi linaingizwa mfukoni.

"Mwambie wewe," mama yake alimwambia Mwalimu. "Mimi nimeshaambiwa."

Mwalimu alimwambia. Hakupamba. Alimwonyesha na kipini chenyewe. Fundi alikitazama, kisha akatafuta pa kuweka yale machungwa kama kwamba hilo ndilo lilikuwa jambo gumu.

"Asubuhi ulikuwa unajua?"

"Nilijua uliposema mjukuu."

"Na ukaniacha niondoke. Siku nzima niko juu ya lifti za watu nachagua majina."

"Nilikosa. Sina la kujitetea." Alikuwa amesimama dirishani, amerudi kwenye meza, amerudi dirishani. "Lakini na mimi niulize. Mwaka mzima nimekuomba uzungumze na mama. Kila siku unaniambia tungoje, tungoje. Umesikia kuna mtoto, ukazungumza naye siku hiyo hiyo. Kumbe mdomo ulikuwa nao."

"Mwalimu..."

"Sikulaumu kumpenda mama yako. Nataka kujua ulimwambia unamwoa nani. Mimi, au tumbo?"

Fundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alitazama mikono yake, grisi imeingia kwenye kucha. Alipozungumza hakumwambia Mwalimu. Alimwambia mama yake.

"Mama, yule dada wa mapokezi aliponiambia, nilimwona Mwalimu kwa mbali akipita. Ningeweza kumfuata nikamuuliza. Nilikaa kwenye pikipiki nikamtazama mpaka akaingia ndani. Sikumuuliza makusudi."

"Kwa nini?" mama yake aliuliza.

"Niliogopa aseme si kweli. Niliona nimepata kitu ambacho huwezi kukikatalia. Nikakikimbiza kwako kabla hakijaniponyoka. Hata yale ya asubuhi bwawani, anasema ni mapema mno kumwonyesha mtu, maneno hayakukaa sawa, na mimi nikayalazimisha yakae. Mtoto nilimtumia kama ngao, na hata hayupo."

Mwalimu aliacha kutembea.

"Sasa sina ngao," Fundi alisema. "Namtaka yeye. Nilimtaka kabla ya habari hii na ninamtaka sasa hivi. Nilipaswa kukwambia hivyo mwaka jana, na wewe ungenikasirikia mwaka jana, tungekuwa tumeshamaliza."

Yule mama alisimama. Alikaza mfuko wake kwapani, akarekebisha viatu. Macho yalikuwa makavu, lakini kidevu kilimcheza. "Nipeleke chini," alisema. "Ngazi zenu ni ndefu."

"Shikamoo, mama," Mwalimu alisema, maana hakuwa na jingine.

"Marahaba." Hakuongeza mwanangu wala bibie.

Walitoka. Mwalimu alisikia hatua zao zikishuka, nzito na nyepesi, zikisimama kila baada ya ghorofa. Alikwenda dirishani. Waliibuka chini, mama mbele, mwana nyuma. Karibu na pikipiki walisimama wakazungumza. Mama alizungumza zaidi. Alinyoosha kidole juu, kwenye dirisha lile lile, na Mwalimu alijivuta nyuma ya ukuta. Alipochungulia tena, teksi ilikuwa imesimama. Fundi alimfungulia mama yake mlango, akamsaidia kuinama, akaufunga. Teksi ikaondoka. Yeye alibaki barabarani ameshika kiuno, anaitazama mpaka ikakata kona.

Mwalimu alidhani Fundi atapanda pikipiki yake. Badala yake alimsikia kwenye ngazi. Mwalimu alinawa mikono bila sababu, akaikausha, akafungua mlango kabla Fundi hajagonga, kisha akasimama mlangoni akimzibia njia, kwa sababu hakujua anarudi kusema nini.

"Anasemaje?"

"Amesema nichague."

"Na wewe?"

"Nimemwambia nimeshachagua. Halafu nimemwambia Jumapili nitakwenda kwake kumtengenezea bomba la jikoni kama tulivyopanga, apende asipende. Amesema bomba lake halihitaji mtu mkaidi." Alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Lakini hakusema nisiende."

Mwalimu hakusogea. Kulikuwa na swali moja lililobaki, na ndilo lililomnyima utulivu siku nzima, na siku nyingi kabla ya hiyo. Alijua akilimeza leo, litamkaba mbele ya safari.

"Na mtoto asipopatikana kabisa, Fundi? Si mwaka huu, si mwaka ujao. Kabisa."

Fundi aliegemea ukuta wa korido, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana amechoka kweli.

"Kuna siku nitaumia," alisema. "Leo mchana nimeshaonja kidogo, nilipokuwa nachagua majina. Nikikuambia sitaumia nitakuwa nakudanganya. Lakini nitaumia nikiwa hapa. Sitakwenda kuumia mahali pengine."

Mwalimu alimtazama. Halikuwa jibu alilolitamani usichanani, lile la kuapa kwa mbingu na ardhi. Lilikuwa na doa la huzuni ndani yake, na kwa sababu ya doa hilo aliliamini. Moyo haukutulia. Bado ulidunda kama wa mtu anayesubiri kuitwa jina. Hata hivyo alisogea pembeni ya mlango, akampisha aingie.